Mlio wa Mawe Yaliyokwisha

Wiki chache kabla ya Idi iliyopita kijana wa dada yangu alinipigia simu. Huyu amezaliwa hapa hapa London. Kiswahili chake kina lafudhi ya Leyton na ya Tanga kwa wakati mmoja, na siku za mwisho wa wiki hupiga muziki kwenye shughuli za watu wetu: harusi, Idi, sherehe za Uhuru, hata za kuzaliwa watoto.

"Mjomba, shikamoo," akaanza, na nikajua kuna kitu anataka. "Wewe ni injinia. Nataka ule mlio wa kanda inapozimika. Wimbo unavutika, unavutika, unakwenda chini, unakufa, halafu mwingine unaingia. Nimejaribu za bure kwenye kompyuta, hazinoghi. Nitengenezee wa kweli."

Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Sisi tuliokulia na redio kaseti tulitumia nusu ya utoto wetu kuukimbia mlio huo. Ulikuwa mlio wa mawe yaliyokwisha. Uko katikati ya wimbo, mwimbaji mwanamke anaanza kuwa mwanamume, gita linakuwa kama linapigwa chini ya maji, na mzee wa nyumba anasema, "Zima hiyo, mnaharibu kanda." Mawe yalitolewa yakaanikwa juani juu ya bati. Wengine waliyauma kwa meno, na alama za meno zilibaki kwenye karatasi ya betri. Kuyaanika kulisaidia kidogo kweli, maana joto huichangamsha kemia iliyobaki ndani, lakini ukipata nyimbo mbili tatu umebahatika. Na kurudisha kanda nyuma hatukutumia redio hata siku moja. Tulichomeka bolipeni kwenye tundu la kaseti tukaizungusha hewani, maana kila mzungusho wa mota ulikuwa senti.

Leo kijana anataka kununua kile tulichokuwa tukikitupa. Nikamwambia nitamtengenezea, lakini kwanza anisikilize. Hakunisikiliza, alikuwa na haraka. Kwa hiyo nakusimulia wewe.

Mashine ya sauti kupunguza mwendo ni habari ya zamani kuliko kanda. Santuri za mkono zilizunguka kwa nguvu ya springi. Unaijaza springi kwa kuzungusha mkono, unaweka sahani, na ukisahau kujaza tena, wimbo unazama kabla haujafika mwisho. Ndivyo babu zetu wa pwani walivyomsikia Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za HMV. Bila shaka wako waliomsikia Siti akiimba kwa sauti nzito kuliko aliyopewa na Mungu, kwa sababu tu mtoto aliyewekwa kuzungusha mkono alikuwa amesinzia. Na hata springi ikiwa imejaa, ile mizunguko 78 kwa dakika tunayoitaja ilikuwa makubaliano ya jumla tu. Sahani za zamani zilirekodiwa kwa kasi mbalimbali, na anayezihamisha leo hulazimika kubahatisha mwimbaji alikuwa katika ufunguo gani.

HMV ilikuwa nembo ya Gramophone Company, kampuni ya hapa London, yenye kiwanda chake Hayes, magharibi mwa jiji, si mbali na uwanja wa ndege wa Heathrow unapotua wewe ukitoka nyumbani. Mwaka 1931 kampuni hiyo iliungana na Columbia ikazaliwa EMI, na Novemba mwaka huo huo ikafungua studio zake kwenye barabara ya Abbey Road, mtaa wa St John's Wood, Edward Elgar akiongoza okestra. Hivyo watalii wanaopigana picha kwenye pundamilia ya barabara ile, wakisimamisha mabasi, wamesimama mbele ya nyumba iliyokuwa ya kampuni ileile iliyouza sahani za Siti. Sijamsikia mtembeza watalii akilitaja hilo.

Kanda yenyewe ni ya Wajerumani. Fritz Pfleumer alipata hataza ya ukanda wa karatasi uliopakwa unga wa chuma mwaka 1928, mwaka uleule wa Siti kwenda Bombay, na kampuni ya AEG ikaonyesha mashine yake, Magnetophon, kwenye maonyesho ya redio ya Berlin mwaka 1935. Waingereza na Wamarekani waliichukua baada ya vita. Faida yake haikuwa sauti safi peke yake. Sahani ukishaichonga umeichonga, lakini kanda unaweza kuikata kwa wembe na kuiunga.

Hapo ndipo muda unapogeuka kuwa urefu, na hili ningependa ulishike. Kanda ya studio iendayo sentimita 38 kwa sekunde hubeba kila sekunde ya sauti kwenye sentimita 38 za ukanda. Kikohozi cha nusu sekunde ni sentimita 19. Unakipima kwa rula, unakikata, unakitupa kwenye kapu. Mwaka 1992, nikiwa mwanafunzi, jamaa mmoja alinipeleka Bush House, pale Aldwych, ilipokuwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza matangazo yake mwaka 1957. Nilidhani nitaona maajabu ya elektroniki. Nilichokiona ni mtu mzima mwenye tai, penseli ya nta ya njano sikioni na wembe mkononi, akiusogeza ukanda mbele na nyuma juu ya kichwa cha mashine kwa vidole, polepole sana, akitafuta pale ambapo neno linaanza. Sauti ya mheshimiwa fulani ilikuwa ikitoka kwenye spika kama ng'ombe anayeugua. Kisha chap, kipande kikatoka, mheshimiwa akaacha kujikanyaga. Kata ilikuwa ya mshazari, si ya kunyooka, ili kiungo kipite kichwani taratibu na kisitoe mshindo. BBC walihama Bush House Julai 2012, na jengo sasa linatumiwa na chuo cha King's. Wembe ulikuwa umeshastaafu kabla yao.

Wakati huohuo, maili chache tu kutoka hapo, walikuwapo waliokuwa wakitumia kasi ya kanda kama rangi ya kuchorea. Kwenye studio za Maida Vale, BBC ilianzisha mwaka 1958 karakana ya sauti iliyoitwa Radiophonic Workshop. Alikuwako mwanamke mmoja, Delia Derbyshire, mzaliwa wa Coventry, aliyesomea hisabati na muziki Cambridge. Mwaka 1963 alipewa karatasi ya muziki iliyoandikwa na Ron Grainer kwa ajili ya tamthilia ya Doctor Who. Karakana haikuwa na sinthesaiza wakati huo. Yeye na msaidizi wake Dick Mills walirekodi milio michache, kamba ikichapwa na mashine za kupimia zikilia, wakaipiga kwa kasi tofauti tofauti ili kupata noti za juu na za chini, kisha wakakata kila noti kwa urefu wake na kuiunganisha moja baada ya nyingine kwa gundi. Jina lake halikuonekana kwenye skrini ya kipindi hicho mpaka mwaka 2013, na yeye alikuwa amekwisha fariki tangu 2001. Nikisikia vijana wakilalamika kompyuta yao inachelewa nusu dakika, namkumbuka huyu mama na rula yake.

Sasa tuje kwenye jambo alilotaka mpwa wangu hasa, yaani kupita kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. Tatizo la kuunganisha nyimbo mbili ni kwamba kila moja ina mwendo wake na ufunguo wake. Desemba 1966 watu wa Abbey Road walikabiliwa na tatizo hilo ndani ya wimbo mmoja. John Lennon alikuwa amerekodi na wenzake namna mbili za "Strawberry Fields Forever": moja ya polepole na nyepesi, nyingine ya haraka yenye tarumbeta na selo. Akapenda mwanzo wa ile ya kwanza na mwisho wa ile ya pili, akataka ziunganishwe. George Martin akamweleza kuwa kuna vikwazo viwili: ufunguo si mmoja na kasi si moja. Lennon hakuwa mtu wa mitambo, akawaachia walimalize.

Bahati ilikuwa upande wao, na bahati hiyo ina maelezo ya kihandisi. Kwenye kanda, kasi na noti vimefungwa kamba moja. Ukipunguza kasi kwa asilimia 6 hivi, noti inashuka kwa nusu noti. Ukipunguza kwa nusu, inashuka oktavu nzima. Kwa kawaida kamba hii ni kero. Lakini ile namna ya haraka ndiyo iliyokuwa pia ya juu. Ukiivuta nyuma, inateremka na kupungua mwendo kwa pamoja, kuelekea ilipo mwenzake. Tarehe 22 Desemba 1966 George Martin na fundi wake kijana Geoff Emerick waliiongeza kasi kidogo ile ya kwanza na kuipunguza ile ya pili. Emerick alieleza baadaye kwamba waliishusha ya kwanza pole pole ilipokaribia kiungo ili zishikane. Kiungo kipo karibu na dakika moja tangu mwanzo. Sikiliza kwa makini: dunia inazama kidogo, kama gari linalobadilisha gia kwenye mlima, na sauti ya Lennon inakuwa nzito, ya ndotoni, mpaka mwisho.

Waliwezaje kubadili kasi? Mota za mashine zile zilifuata mapigo ya umeme wa nchi, mizunguko 50 kwa sekunde, kama saa za umeme. Voltiji ikicheza kidogo hazijali. Basi mafundi, na hasa Ken Townsend aliyeitumia njia hiyo mwaka 1966 kutengeneza mfumo wa kurudufu sauti ya mwimbaji, waliacha umeme wa ukutani wakailisha mota kutoka kwenye osileta yenye kitasa, kupitia amplifaya kubwa. Ukizungusha kitasa, unabadili mapigo, na mota inafuata. Kwenye studio ya Olympic, kule Barnes, mwaka 1967 fundi George Chkiantz alicheza na mashine mbili zenye sauti ileile, moja ikicheleweshwa kidogo tu nyuma ya nyingine, na ikatoka ile sauti ya upepo unaozunguka kwenye "Itchycoo Park" ya Small Faces. Wengine waliipata hali hiyo kwa kubana kidole gumba kwenye ukingo wa rili. Kidole gumba, ndugu zangu! Na sisi tulikuwa tukichapwa kwa kugusa.

Wale wa Pink Floyd, mwaka 1972 na 1973 palepale Abbey Road, waliunganisha nyimbo za The Dark Side of the Moon kiasi kwamba upande mzima wa sahani hauna pumzi. Ni kazi nzuri, ingawa mimi binafsi naona sifa zake zimezidi kidogo.

Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Ulaya walikuwa wakiunganisha nyimbo, sisi wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili. Sahani ndogo zilizotolewa Nairobi hazikuweza kubeba rumba ya dakika saba au nane upande mmoja, kwa hiyo wimbo ulififizwa katikati, pale pale gita la solo linapoanza kuchemka, na upande wa pili ukaanza kwa kuibuka kutoka kimya. Mpigaji sahani hodari alikuwa yule aliyejua kugeuza upesi kabla wachezaji hawajarudi kwenye viti. Upande wa Tanzania bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zikakaa kwenye rili za maktaba yake. Watu wakazinasa hewani kwa redio kaseti, mtangazaji akiingilia mwishoni kutaja salamu. Nina Sikinde ambayo kwangu haijakamilika bila jina la mtu wa Korogwe kuwasalimu wakwe zake.

Kaseti iliyofanya haya yote yawezekane ililetwa na Philips mwaka 1963. Inakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, sehemu ya nane ya kasi ya studio. Ni kasi ndogo mno. Kila kasoro ndogo ya mota inasikika. Ndiyo maana redio kaseti nzuri zilikuwa na kidhibiti kinachoshika kasi isibadilike mawe yanapopungua nguvu. Na hapa kuna jambo tulilolijua kwa uzoefu bila kulielewa: kidhibiti kinashikilia, kinashikilia, kasi iko sawa kabisa, halafu voltiji ikishuka chini ya kiwango fulani kinashindwa na mwendo unaporomoka. Kwa hiyo mawe yalionekana kama yamekufa ghafla, kumbe yalikuwa yakifa tangu juzi.

Nilirudi gereji, nikatoa redio kaseti yangu ya zamani, nikaifunga kwenye chanzo cha umeme cha kubadilishika, nikashusha kutoka volti 6 na kurekodi kilichotokea. Kisha nikakata umeme ghafla nikarekodi tena. Nikagundua kwa nini mlio wa bure wa mpwa wangu haukunoga. Ulishusha noti kwa hatua sawasawa, kama king'ora. Mashine ya kweli haifanyi hivyo. Ukikata umeme, gurudumu zito la ndani linaendelea kuzunguka na msuguano unalipunguzia kasi kwa kiasi karibu kilekile kila kipande cha sekunde. Lakini sikio halihesabu kwa kutoa, linahesabu kwa kugawa. Chukua mzimiko wa sekunde 2: sekunde 1 nzima inakwenda kwa oktavu ya kwanza, nusu sekunde kwa ya pili, robo kwa ya tatu, na zilizobaki zote zinaanguka kwa pamoja kwenye robo ya mwisho. Kwa hiyo tunasikia kitu kinachositasita kwanza, kisha kinadondoka shimoni. Madijei wa hapa wanaijua siri hii kwa mikono. Kwenye meza ya Technics SL-1200, ukibonyeza kitufe cha kusimamisha, sahani inasimama kwa breki. Ukizima swichi ya umeme yenyewe, inajizungukia kivivu mpaka ichoke. Milio miwili tofauti kutoka mashine moja.

Nikaongeza na kuyumba. Ule mkanda wa mpira unaozungusha gurudumu hulegea kwa uzee, na mwendo unapopungua unateleza kidogo kidogo. Pia mvumo wa kanda lazima ushuke pamoja na wimbo, kwani umo ndani ya ukanda. Programu yenyewe ni mistari michache tu: kusoma sampuli za sauti kwa hatua zinazozidi kuwa fupi, na kukadiria thamani iliyopo kati ya sampuli na sampuli. Ilinichukua jioni mbili. Kuipata ile mikunjo ya mwendo ndiko kulikochukua wiki.

Siku ya Idi, kwenye ukumbi mmoja wa mashariki mwa London, biriani imeshaliwa na watoto wanateleza sakafuni kwa soksi, kijana akamaliza taarabu moja ndefu ya Tanga na alitaka kuingia kwenye Bongo Fleva. Mwendo hauhusiani kabisa, huwezi kuzilinganisha hata uwe nani. Akabonyeza. Taarabu ikasita, ikalegea, ikazama. Ukumbi ukawa kimya kwa nusu sekunde, na kutoka meza ya akina mama bibi mmoja mwenye baibui akapaza sauti: "Badilisheni mawe!" Watu wa umri wetu wakaangua kicheko, wengine machozi yakiwatoka. Vijana walitazamana. Mpwa wangu alinijia baadaye kuuliza mawe yanahusikaje na muziki.

Ningeishia hapo, lakini mhariri ameomba tuandike ya kwetu, si ya watalii.

Nilipokuja kusoma uhandisi Uingereza mwaka 1990, simu ya kwenda Tanga ilikuwa mali ya matajiri na barua ilichukua wiki tatu ikiwa na bahati. Mama yangu kuandika kulimtaabisha. Akatumia njia waliyoitumia wengi: barua ya kanda. Aliazima redio kaseti ya jirani, akakaa sebuleni, akabonyeza kitufe chekundu na kuzungumza. Ninayo moja, ya mwaka 1991. Mama alifariki 1993, nami sikuwahi kurudi kabla ya hapo.

Kanda hiyo sote katika familia tunaijua kwa moyo. Ndugu zangu wana nakala. Inaanza kwa salamu za kila mtu mtaani, kwa utaratibu, bila kuruka nyumba. Kisha habari za mnazi ulioanguka, bei ya mchele, nani kaoa. Karibu na mwisho sauti yake inapanda, anaharakisha, inakuwa nyembamba kama ya msichana, na baba anasikika akiwasha redio yake ndogo kusubiri London. Mama anasema basi mwanangu, baba yako anataka habari zake, na hapo anacheka kicheko kifupi cha kukatikakatika. Kanda inakwisha. Tulikipa jina: kicheko cha mama. Dada yangu mdogo alimwambia mumewe kabla hawajaoana kwamba mama alikuwa mtu wa furaha, na ushahidi upo.

Usiku ule wa Idi nilipotoka ukumbini, kichwa kikiwa bado kimejaa mikunjo ya mwendo, nikaliona jambo nililopaswa kuliona miaka thelathini nyuma. Mawe yanapokwisha wakati wa kusikiliza, sauti inashuka. Yanapokwisha wakati wa kurekodi, kinatokea kinyume: ukanda unapita polepole, sauti inabanwa kwenye nafasi fupi, na ukiipiga siku nyingine kwa kasi sahihi inakimbia na kupanda. Mama hakuharakisha. Mawe ya jirani yalikuwa yanakwisha.

Nilihitaji kipimo. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na saa ya ukutani, ile ya betri moja inayogonga kila sekunde. Nikahesabu. Mwanzoni mwa kanda saa iligonga mara 61 kwa dakika, kosa dogo la mashine tu. Dakika ya ishirini bado 61. Dakika ya ishirini na tano, 65. Dakika ya mwisho, karibu 73. Kidhibiti kilikuwa kimeshikilia, kikashikilia, kikashindwa, sawa na nilivyoona gerejini. Na redio ya baba ikanipa uthibitisho. Kabla ya habari ilipita milio sita ya saa ya Greenwich, ileile inayotangazwa na BBC tangu 1924, ambayo kila mmoja wake una mizunguko 1,000 kwa sekunde. Matangazo ya masafa mafupi hukwaruza na kufifia lakini hayabadili noti. Kwenye kanda ya mama niliipima ikawa 1,214. Yaani ukanda ulikuwa ukienda sentimita 3.92 kwa sekunde badala ya 4.76. Mlio uliotoka London, ukafika Tanga kwenye redio ya baba, ukarudi London ndani ya bahasha, ndio ulionipa kasi ya sauti ya mama.

Nikachukua programu ya mpwa wangu, ile ya kuzimisha taarabu. Nikaweka mkunjo wa saa ya ukutani mahali pa mkunjo wa gurudumu. Nikabonyeza.

Mama alizungumza kwa sauti yake hadi mwisho. Ilikuwa nzito kuliko ninavyoikumbuka, na polepole. Alichoka. Kati ya sentensi kulikuwa na pumzi ambazo hatukuwahi kuzisikia, kwa kuwa zilikuwa zimebanwa. Akasema basi mwanangu, baba yako anataka habari zake. Na kile kinachofuata, msomaji, nimekisikiliza mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa, na sidhani kuwa ni kicheko.

Nilimtumia dada yangu mdogo kule Tanga kwa simu, bila maelezo, na hilo lilikuwa kosa langu. Alinyamaza siku nzima. Kisha akapiga. "Kaka, umemfanya nini mama?"

Nikaanza kumweleza habari za mota na milio ya Greenwich. Akanikata.

"Mimi sikatai hesabu zako. Ila huyu simjui. Nirudishie yule."

Nikamwambia yule hakwenda popote, kanda yenyewe ipo kwenye boksi, sijaigusa. Tukazungumza habari nyingine, watoto, mvua, tukaagana. Wiki mbili baadaye, karibu saa sita za usiku za huko, ulikuja ujumbe wake mmoja: nimtumie tena ile ya polepole, kwa sababu aliifuta, na nisimpe mtu mwingine mpaka aniambie.